Anayemwosha Daphrose Miguu

Apa kwanza. Apa kwa ziwa la mama yako kwamba haya hayatavuka kibaraza hiki. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa, tena kwa Msahafu, na mtaa mzima wa Biryogo nimeshaumaliza, ulibaki wewe tu.

Daphrose fundi cherehani, yule Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, siku moja alirudi kutoka bombani na ndara moja. Ya pili ilimvuka njiani asijue. Akacheka. Wiki iliyofuata sindano ikamzama kidole cha mguu, na aliyeiona damu ni mteja, si yeye.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, Idi inabisha hodi, kanzu za watu zimejaa hadi kitandani. Mjane huyo alilisha watoto wanne kwa kukanyaga pedali. Mguu ukifa, nyumba imekufa.

Zahanati wakampima mkojo: sukari hamna. Wakatafuta ukoma: hamna. Nesi akamchoma nyayo kwa pini.

"Unasikia, mama?"

"Sisikii kitu."

"Pombe ya kanyanga unakunywa?"

"Ayi we! Hata chai naipata kwa shida, utanipa wewe hiyo kanyanga?"

Wakampa vitamini, wakamwambia mishipa ya fahamu inakufa, chanzo hakijulikani. Miguu nayo mara iwake kana kwamba imekanyaga makaa, mara iwe kuni.

Ndipo akaenda kwa Mwalimu Ismaël, mtoa majini wa nyuma ya msikiti. Mzee hakuugusa mguu. Aliunusa.

"Nani anakuosha miguu?"

"Wifi yangu, Vestine. Kila magharibi anaingia na beseni, anachuchumaa chini ya meza, ananikanda mpaka natulia."

"Anapiga hodi?"

Fundi hana macho ya mlangoni. Akisikia nyayo tu husema karibu, mteja asije akampita, huku macho yakiwa kwenye mshono.

"Uso wake umewahi kuuona?"

"Kitambaa chake cha kichwa, Mwalimu."

"Basi chanzo umekikaribisha kwa mdomo wako."

Daphrose akapandwa na hasira. "Vestine! Kumbe ananitia sumu! Nitamuumbua mbele ya watu."

"Usimtaje mtu ambaye hujamwona uso," mzee akanong'ona.

Hakusikia. Magharibi ile aliwaficha majirani saba nyuma ya pazia, Mwalimu mbele yao, mwenyewe akaketi kushona. Nyayo zikaja. "Karibu," akasema, kama kawaida yake, na pale pale chumba kikanuka chuma kilicholowa, na nywele zilizoungua, na chini ya kitambaa cha meza ukaanza mlio wa ulimi, lap, lap, lap, kama mbwa anayekunywa, ila beseni lilikuwa kavu na mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeuona ukifunguka, mpaka Mwalimu akashindwa kuvumilia, akaruka na taa, akakipasua kile kitambaa.

Alikuwa Vestine. Kitambaa chake cha kichwa, shingo yake, kovu lake la shavuni.

Mlango ukasukumwa, akaingia Vestine mwingine na ndizi za sokoni kichwani, akazimwaga zote sakafuni.

Yule wa chini ya meza aliinua macho, lakini hakuachia: kisigino chote kilikuwa kinywani, na meno yamezama hadi kwenye kifundo. Watu wakapiga mayowe.

Daphrose akawatazama mmoja mmoja, pedali bado inazunguka.

"Mnalia nini?" akauliza. "Anayeniosha ameshafika?"