Udi Kabla ya Kahawa

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, jamaa zetu huja nyumbani kwetu Al Amerat kumsalimu Bibi Khole, mama yake baba. Kazi yangu mimi, Maram, ni chetezo. Kahawa na halwa zikimalizika, hutia kipande cha udi kwenye makaa na kumpitishia kila mgeni ajifukize. Hata mtoto mdogo anajua maana yake: udi ukishapita, wageni huaga.

Ijumaa ile alikuja mtu niliyemjua kwa picha tu. Alipozaliwa aliitwa Marhoon na akalelewa kama mtoto wa kiume, lakini tangu utotoni alijijua kuwa ni mwanamke. Sasa anaishi ng'ambo, na jina lake ni Nawar. Alikuwa hajamwona mama yake, Bibi Khole, kwa miaka saba, na usiku ule ule alikuwa anasafiri. Bibi, ambaye moyo wake ni mgonjwa, alikuwa bado amelala chumbani. Nawar akakaa karibu na mlango, akimsubiri aamke.

Binamu yangu Loai akaninong'oneza neno la kejeli wanaloitwa watu waliobadili jinsia. Sitaliandika. Tulicheka, nami nikajiona hodari. Nikachukua chetezo, nikaenda moja kwa moja kwa Nawar, na dele la kahawa halijafunguliwa.

"Karibu udi, Ami Marhoon," nikasema kwa sauti.

Akalitazama dele, akanitazama mimi. Akajifukiza ncha ya mtandio wake kwa adabu, akasimama.

"Ahsante, mwanangu. Bibi akiamka, mwambie nilifika."

Watu wazima wakainamisha macho. Nawar akatoka, wala hakuna hata mmoja aliyemzuia, na mpaka leo naona haya kwa ajili yao na yangu.

Mara sauti ya Bibi ikatoka chumbani. "Nnasikia harufu ya udi. Nani anaondoka, na mwanangu hajafika?"

Ningeweza kunyamaza.

"Amefika, Bibi. Mimi nimempelekea udi kabla ya kahawa. Na nimemwita Marhoon."

Bibi akashika ukuta, akaja mpaka mlangoni. "Umemfukuza mwanangu nyumbani kwangu, Maram?"

Nilitoka mbio bila viatu. Nawar alikuwa juani, kando ya ukuta, akingoja teksi.

"Shangazi Nawar!"

Akageuka upesi.

"Nimekukosea, shangazi. Nisamehe. Bibi ameamka."

Ndani, Bibi alimkumbatia hata mtandio ukamwanguka. Kisha akamimina kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na kikombe cha kwanza akampa yeye.

"Mimi pia jina hili lilinichukua muda kulizoea," akatuambia sote. "Lakini mtu ndiye anayeijua nafsi yake. Yeye ametuomba tumwite anavyojijua, basi. Kumnyima hilo ni kumwambia hana kwao. Msimwite mtu kwa neno la kumchoma, wala msikae kimya mwenzenu anapochomwa."

Loai aliinama. Mimi nililia.

Jua lilipokaribia kutua, nilimuuliza Bibi kama sasa nilete udi. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Shangazi Nawar.

"Chetezo kirudishe jikoni, mjukuu wangu," akasema. "Leo hapana udi."