Chanjo na Tumbo Tupu

Ijumaa moja ya Kwaresima, nyumbani kwao mtaani Izia, Adela alifagia uwanja, akawamwagia kuku pumba, kisha akampa mdogo wake bakuli la uji wa ulezi alilowekewa yeye. Mama yake, Cornelia, alikuwa amefunga. Watoto hawakulazimika kufunga, lakini Adela, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kichwa kigumu. Kama mama anaweza, naye ataweza. Akaenda shuleni bila kumwambia mtu.

Siku hiyo wasichana wa darasa lao walikuwa wanapewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Salome, rafiki yake Adela, aliuliza jambo lililokuwa moyoni mwa wengi.

"Nesi, humo ndani mna nini? Wanasema ni sumu ya kutufanya tusizae."

Nesi Precious hakumkaripia. "Umefanya vizuri kuuliza. Mna vipande vinavyofanana na ganda la kirusi, si kirusi chenyewe, kwa hiyo haviwezi kukuambukiza. Vinaufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Mna chumvichumvi kidogo ya kuuamsha mwili, na maji safi. Cha kuzuia uzazi hamna. Mkono utauma, pengine utapata homa kidogo, na baada ya siku mbili tatu yatakwisha. Aliye mgonjwa leo, au aliyewahi kuvimba mwili kwa dawa au sindano, aniambie kwanza. Ukishachomwa, kaa kwenye benchi nikuangalie."

Kila aliyefika mezani aliulizwa kama amekula.

"Nimekula," Adela alijibu. Aliogopa kuchekwa kuwa anajifanya sista.

Alichomwa, akaketi kwenye benchi. Mara jasho likamtoka, macho yakaingia giza, akaanguka. Wasichana walitimka mbio, Salome mbele yao. Nesi alimlaza chali, akamwinua miguu, akamchunguza pumzi na ngozi. Haikupita muda Adela akafumbua macho.

"Mmeona wenyewe," Salome alikuwa akisema nje ya dirisha. "Mimi sichanjwi ng'o."

Maneno hayo yalimchoma Adela kuliko sindano. Mwaka uliopita shangazi yake Salome alikufa kwa saratani hiyo hiyo, na wao wawili walilia pamoja msibani.

"Mwanangu, kweli ulikula?" nesi aliuliza taratibu.

Machozi yakamlengalenga. "Hapana, nesi. Nimefunga. Nilikudanganya."

"Tumbo tupu na hofu vikikutana, mtu huanguka hata kwa sindano ya maji. Kunywa uji kwanza."

Alipopata nguvu, Adela aliomba kupelekwa mlangoni. Aibu ilikuwa tele.

"Chanjo haikuniangusha," aliwaambia wenzake. "Nilikuja bila kula, nikamwambia nesi uongo."

Baadhi walicheka. Salome hakucheka. "Mkono unauma?"

"Unauma. Lakini shangazi yako aliumwa zaidi, wewe unajua."

Salome akarudi kwenye foleni. "Mimi nimekula viazi," alimwambia nesi, akapandisha mkono wa sweta. Wengine wakamfuata.

Jioni Adela alikuwa na homa kidogo. Alimweleza mama yake yote, akingoja kugombezwa. Cornelia alimfunika kanga, akamkumbatia.

"Wanaotutibu wanaona mwili tu, mwanangu, yaliyo ndani ni mpaka tuwaambie. Mungu hakukuomba ushinde njaa leo. Ungejinyima uongo, huo ndio ungekuwa mfungo."