Mstari wa Wino kwenye Tangi la Samaki

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nilikuwa nawasalimia samaki. Walikuwa tisa, ndani ya tangi la kioo lililokaa sebuleni kwetu juu ya meza ya chuma. Mkubwa wao tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ila kukaa katikati na kufungua mdomo. Nikishawapa chakula, nilitazama mstari mweusi ambao Baba aliuchora kwa kalamu ya wino kwenye kioo. Maji yakiwa kwenye mstari, mambo yalikuwa shwari. Kwa kawaida yalipungua unene wa kidole kwa wiki nzima, kwa sababu ya joto tu.

Tangi lile alilitengeneza Baba kwa mikono yake. Baba ni fundi wa vioo, na madirisha yake yamejaa mtaani kwetu. Nikitembea naye huwa nayahesabu. Lakini tangi la samaki alikuwa ametengeneza moja tu, na hilo ndilo nililojivunia kuliko madirisha yote. Kwa hiyo aliposema kwamba daktari wa meno angekuja Jumamosi kulitazama, nilivimba kichwa.

Daktari alitaka tangi kama lile, kubwa mara mbili, kwa chumba cha kusubiria wagonjwa. Alisema watoto wakiangalia samaki watasahau koleo lake.

"Akilipenda la kwetu, kazi ni yangu," Baba alisema. "Meneja, lisafishe ling'ae."

Meneja ndiye mimi.

Jumanne nikalisafisha. Baba hutumia sifongo, lakini kwenye kona moja kulikuwa na weusi ulioganda juu ya ile gundi laini inayoshikanisha vioo, na sifongo haikuuweza. Nikachukua wembe. Nikakwangua kutoka juu hadi chini, mpaka kona ikawa safi. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikalitazama tangi, nikajipongeza mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunipongeza.

Jumatano asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari kwa kidole kizima. Nikainama. Kwenye kona ile ile, tone moja lilikuwa linateremka polepole kwenye mguu wa meza. Nilijua papo hapo kwamba ni wembe wangu. Nikachukua jagi, nikajaza maji mpaka kwenye mstari, nikakunja kitambaa chini ya kona, nikaenda shule. Alhamisi nilijaza mara mbili. Ijumaa mara tatu, na kila nilipojaza nilijiambia kwamba Jumamosi ikipita nitasema.

Ijumaa jioni Baba aliingia, akavua viatu, akakanyaga zulia. Zulia likatoa maji. Mama alichungulia chini ya meza, akaona maji yanaelekea kwenye waya wa pampu ya hewa.

"Asiguse mtu," alisema, akaenda moja kwa moja kuzima swichi kuu. "Maji na umeme hawajawahi kupatana."

Baba alipiga magoti akapapasa kona. Nilingoja agombe. Alikaa tu pale kwenye zulia, soksi zimelowa.

"Gundi yangu imechoka," alisema. "Miaka minne tu. Mama Meneja, nipe simu nimwambie daktari atafute fundi mwingine."

"Kwa tone moja?"

"Leo ni tone. Lake litabeba maji ya mapipa mawili, na watoto wamekaa hapo chini yake. Siwezi kumwekea mtu kitu nisichokiamini."

Baba yangu alikuwa anaona aibu kwa kazi isiyokuwa na kosa lolote. Hilo liliniuma kuliko adhabu yoyote. Nikaenda chumbani, nikarudi na wembe, nikauweka mkononi mwake.

"Gundi haikuchoka, Baba. Niliikata mimi Jumanne. Nimekuwa nikijaza maji ili usijue."

Baba aliwasha tochi, akamulika kona, akauona mkato ulionyooka. Akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe," alisema. "Gundi ikichoka hubanduka. Hii imechinjwa."

Mama hakucheka. "Siku tatu unachezea maji karibu na umeme? Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Na wewe huo ufa ulikuwa unaujazia maji."

Nikachukua kitambaa kikavu, nikaanza kufuta maji chini ya meza.

Baba alimpigia daktari simu, akamweleza ukweli wote, akaomba wiki moja. Tuliwahamishia samaki kwenye beseni, na Mwenyekiti akakimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Tulikwangua gundi yote ya ndani, maana mpya haishiki juu ya kuukuu. Baba akapaka nyingine, akaniachia kona yangu niilainishe kwa kidole. Nyumba nzima ilinuka siki, harufu ya gundi mbichi. Tulingoja siku tatu ikauke, kisha tukajaza maji na kutandika magazeti makavu chini ya tangi.

"Gazeti halina upendeleo," Baba alisema. "Tone likishuka, litasema."

Kila asubuhi niliyapapasa. Yalikuwa makavu.

Daktari alipokuja Jumamosi ya wiki iliyofuata, aliyatazama magazeti kabla ya samaki. Kisha akaniuliza mimi kwa nini tangi lilivuja. Nilimweleza mwenyewe: wembe, jagi na kitambaa. Baba hakunisaidia hata neno moja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," daktari alisema. "Mficha jino namuumbua mimi. Linaanza na tundu la sindano, wanalifunika, wanakuja limeshaoza." Kisha akaacha utani. "Kila mtu hukosea, binti. Kosa likisemwa siku ya kwanza, hurekebishwa upesi. Ukilificha hukua, na kuwaumiza hata wasiohusika. Baba yako alikaribia kubeba lawama yako." Akamgeukia Baba. "Nami fundi ninayemtaka ni yule anayenipigia simu kuniambia kwamba kazi yake inavuja. Anza Jumatatu."

Siku tangi la daktari lilipojazwa kwenye chumba chake cha kusubiria, na magazeti yake yakabaki makavu, Baba alinipa kalamu ya wino.

"Meneja, chora mstari."

Nikauchora polepole, ukanyooka. Mtoto mmoja mwenye shavu lililovimba akaniuliza ule mstari ni wa nini.

"Maji yakishuka haraka chini ya hapa," nilimwambia, "mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo."

Baba alikuwa anakusanya vifaa vyake. Alijifanya hakusikia, lakini nilimwona akitabasamu hadi mlangoni.