Ukurasa wa Ezron

Harufu ya nywele zinazoungua ilianza asubuhi, Fauzia alipowasha kompyuta. Alidhani inatoka nje, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akafunga dirisha. Harufu ikazidi.

Fauzia alikuwa wakala wa forodha hapo Tunduma. Mtandao wa miaka hiyo ulikuwa wa kusuasua, naye alichoka kuandika upya anwani za kurasa zilezile za ushuru. Akajifunza kuandika programu fupi: unaipa anwani, inazitunza, na kompyuta ikiwaka inazifungua zote kwa mpigo.

Ezron, karani wake kutoka Ihanda, aliongeza humo anwani yake mwenyewe bila kumwambia. Ulikuwa ukurasa wa mganga aliyedai kuvuta bahati. Ukifunguka, sauti ilisoma dua ya kumwita jini kwa jina lake. Spika zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo hapo ofisini hakuna aliyeisikia.

Siku zikapita, vikombe vikaanza kupasuka vyenyewe mezani. Kisha adhuhuri moja Ezron akainuka kitini taratibu, macho yamegeuka meupe, akamshika Fauzia mkono wa kulia na kuukunja mpaka mfupa ukavunjika, akamburuta sakafuni kwa ushungi wake huku akijigonga paji la uso ukutani, tena na tena, damu ikiwarukia wote wawili, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyechoshwa.

"Mnaniita kila siku," ilisema. "Nikija, hamsemi mnataka nini."

Mayowe ya Fauzia yalimleta Shehe Abdulswamad kutoka msikiti ulio nyuma ya jengo. Alipoanza kusoma, Ezron alimrukia, akamng'ata sikio na kulinyofoa. Shehe hakuacha; alimkandamiza chini kwa magoti, damu ikimtiririka shingoni, akaendelea kusoma mpaka mwili ule ukaanza kutetemeka, ndipo akamwuliza jini ni nani anayemwita.

Kidole cha Ezron kikaelekea kwenye kompyuta.

Fauzia alitambaa hadi mezani. Kwa mkono wa kushoto akaifungua programu, akauona mstari asioujua, akaufuta. Ezron akalegea, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Shehe alimwinamia Fauzia.

"Mwanangu, kitu hiki kiko hapa tu?"

Fauzia alimtazama Ezron. Midomo ya kijana ilikuwa imepasuka; akajibu kwa shida.

"Nisamehe, dada. Wenzetu waliipenda programu yako. Nimewanakilia, pamoja na mstari ule."

"Akina nani?" Fauzia akauliza.

Kabla Ezron hajajibu, upande wa pili wa ukuta, Marta, aliyefanya kazi na mumewe katika ofisi ya jirani, alipiga yowe likakatika katikati. Kitu kizito kikaanguka. Kisha, kinywani mwa Marta, ikasikika sauti ileile nzito ikimwuliza mumewe anataka nini.