Mlango Mwembamba wa Shangazi Quirina

Kisa hiki kilimpata Fiorenza, jirani yangu hapa Perugia. Mtaani wanasema mimi hutia chumvi kwenye kila ninachosimulia, na hawakosei. Lakini hiki ni kama mkate wetu wa hapa: hakina chumvi hata chembe.

Fiorenza anafua mashuka ya hoteli, na wiki ile alikuwa na siku moja tu ya mapumziko. Ndani ya siku hiyo alitaka kwenda na mdogo wake miji miwili: Gubbio, wakale chakula cha mchana kwa shangazi Quirina, kisha Assisi, wakamshukuru mtakatifu. Mdogo wake, Ines, alikuwa ametoka hospitali, mapafu yamepona ila mwili umebaki mifupa. Fiorenza alikuwa ameweka nadhiri kwamba Ines akipona, atampeleka kwenye kanisa la Assisi, naye Ines aingie kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa na ndugu mwingine wa kuzaliwa naye.

Nyumba ya shangazi ni kama nyumba nyingi za zamani za Gubbio. Ina mlango mkubwa wa walio hai, na kando yake mlango mwembamba usio na ngazi, uliokaa juu ya barabara usawa wa kifua. Huo ni wa kutolea majeneza tu. Miaka mingi ulikuwa umezibwa kwa mbao, na shangazi alikuwa amezibandua juzijuzi ili unyevu utoke.

Walikula, wakacheka. Shangazi alimtania Ines kwamba amekonda mpaka paka wa jirani anamwekea chakula. Kisha Fiorenza akatangulia kwenye gari. Kichochoro kilikuwa chembamba, na nyuma yake gari la mikate lilikuwa likipiga honi, dereva akiuliza kama mama huyu amepanga kuzeekea pale. Ines alisikia kutoka ndani. Akaona njia ya mkato. Akajipenyeza kwenye mlango mwembamba, akaruka barabarani, skafu yake ya njano ikipepea.

"Umeona, dada? Nimeenea kabisa."

Shangazi hakucheka. Alisimama juu pale mlangoni, uso umempauka.

"Mrudishe," alisema kwa sauti ya chini. "Fiorenza, mwanangu, mrudishe ndani kwa hapo hapo, halafu atokee kwa mlango wetu."

Ingebidi kutafuta ngazi. Honi ikalia tena. Kanisa la Assisi lina saa yake ya kufunga.

"Tukirudi jioni, shangazi," Fiorenza akasema, akaondoa gari.

Njiani Ines aliacha kucheka. Alisema anasikia baridi. Ilikuwa Julai.

Assisi waliegesha nje ya ukuta wa mji, wakapanda kwa miguu. Mwenye duka la kwanza alipowaona alishusha shata la mlango wa duka nusu. Wa pili akashusha. Wa tatu naye. Ndivyo tunavyofanya jeneza linapopita. Wazee waliokuwa wakicheza karata wakavua kofia, na kijana mmoja akajishika chini ya mkanda, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya kufukuza mkosi wakiona gari la maiti. Hakuna aliyemtazama Ines usoni.

Fiorenza aligeuka kutafuta msiba. Nyuma yao barabara ilikuwa tupu.

"Dada, nani amekufa?"

"Hakuna. Tembea."

Akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la ndani ya kisima, akashindwa kuushikilia. Akashika ncha ya skafu badala yake, akaizungusha kiganjani, akaharakisha. Ilibaki kona moja. Kwenye kona ile kuna nyumba ya zamani, na mlango wake wa maiti umejengewa mawe tangu enzi za babu za babu zetu.

Ines alisimama.

"Dada," akanong'ona. "Wamenifungulia."

"Nani?"

Skafu ilikaza. Fiorenza alivuta. Kitu kikavuta upande wa pili. Taratibu. Bila haraka.

Aligeuka. Ines hakuwepo. Skafu ilianzia kiganjani mwake ikaishia ukutani, katikati ya mawe mawili, ndani ya chokaa kavu.

Polisi walikuja. Mwenye nyumba aliwaingiza ndani, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kabati la vyombo na plasta isiyo na ufa. Waliivuta skafu, haikutoka. Jioni ile Fiorenza alirudi Gubbio, akaazima ngazi, akaingia kwa mlango mwembamba, akatoka, akaingia tena, akimwita mdogo wake. Shangazi alikaa kitini akimtazama.

"Si wewe wa kupita hapo," alisema mwishowe. "Na wa kupita hayupo."

Sasa kila Julai Fiorenza huitumia siku yake ya mapumziko kwenye kona ile. Kanisani haingii. Mwanzoni skafu ilining'inia urefu wa mkono. Akaifunga fundo kubwa kwenye ncha, lisiweze kupita. Aliporudi mwaka uliofuata, fundo lilikuwa limefunguliwa, na skafu imepungua.

Mara hii nilimpeleka mimi, maana yeye hawezi tena kuendesha. Kimebaki kipande cha upana wa vidole viwili. Nilikigusa, mimi nisiyeogopa kitu, muulize yeyote. Ukuta ulikuwa baridi. Kipande kilikuwa na joto, kama kimevuliwa shingoni sasa hivi.