Kabari ya Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilichukua kuni nyuma ya nyumba yetu kule milimani, Plaun Sura, pale zilipopangwa kando ya kabari. Kabari hiyo ni ukuta mnene wa mawe wenye ncha, umeshikana na nyumba upande wa mlimani, ili theluji ikiporomoka ipasuke na kupita pembeni. Oktoba ile mjomba Riet alitangaza kwamba ataivunja apate mahali pa kuegesha trekta. Bibi Mengia, mama yake, ambaye chumba chake kiko nyuma ya mawe hayo, aliendelea kumenya viazi. Mimi nilichemka.

Nilimwambia mjomba nitampimia nguvu ya theluji kwa namba. Alicheka, akasema akiona kwa macho yake kwamba kabari inasaidia, ataiacha.

Nikatengeneza mlima wa ubao jikoni, na korongo lake, na chini yake nyumba ndogo iliyofungwa kwenye mizani ya springi. Theluji yangu ilikuwa unga wa mahindi wa chenga. Nyumba bila kabari ilisukumwa kwa gramu mia tisa. Yenye kabari, mia tano. Nilikusudia kumwaga mara kumi kwa kila nyumba. Mara ya nne kabari ilibanduka. Nikaigundisha upya, nikamwaga, mshale ukaonyesha mia tisa na ishirini. Nilikasirika nikapiga benchi teke. Namba ile nikaifuta daftarini, na zilizobaki nikazitunga kichwani.

Jumamosi mjomba alisoma daftari, akaniangalia, kisha akamwaga unga mwenyewe. Mshale ukasimama palepale, mia tisa na ishirini.

"Ladina, unanidanganya mezani kwa mama yangu?" alisema. "Jumatatu nakuja na nyundo."

Nilimchukia hadi alipofunga mlango. Ndipo Bibi akanigeukia, na sijawahi kumwona amefura namna ile. Aliuliza nimefuta namba gani, nikamwambia. Akanishika mkono, akanipeleka nje.

"Ncha ya kabari inaangalia wapi?"

Haikuangalia juu moja kwa moja. Ilikaa upande, ikilielekea korongo ambalo theluji hushukia. Ya kwangu, nilipoigundisha upya, niliinyoosha ipendeze, na unga ukawa unaigonga ubavuni.

Niliigeuza ielekee korongo, nikarudia zote ishirini, nikaandika kila namba, hata zilizoniudhi. Zile za uongo sikuzichana. Nilizipiga mstari mmoja ili zisomeke.

Jumatatu mjomba alikuja na nyundo kweli. Kabla hajaketi nilimwambia kwamba namba za mwanzo nilizitunga. Alimwaga unga mara tatu: mia tano, mia tano na thelathini, mia tano na kumi. Akaiweka nyundo chini ya benchi, bado amenuna.

"Basi trekta litalala nje," alisema. "Na theluji yake utaipangusa wewe."

Nilikubali. Bibi akalifunga daftari langu, akaniwekea mkono begani.

"Namba uliyoifuta ndiyo iliyokuwa inakwambia umekosea," alisema. "Mjomba wako ukimdanganya, atafoka, yataisha. Theluji haisomi daftari, mjukuu wangu. Na nyuma ya mawe yale nalala mimi."