Penseli Nyweleni

Jumapili asubuhi, pale bustani ya Rivadavia jijini Buenos Aires, huifikii meza ya santuri mpaka upigane vikumbo. Silvana alikuwa amevaa koti la kijani lililomzidi mwili, penseli ya njano kaichomeka nyweleni, mkononi kashika santuri ya bendi ya roki iliyosambaratika mwaka mmoja nyuma.

"Nipunguzie," alimwambia muuzaji. "Mpiga ngoma wao anachelewa."

"Anachelewa wapi?" sauti nzito iliuliza nyuma yake.

"Mwisho wa kila wimbo. Wenzake wamemaliza, yeye anangoja weee, ndipo apige pigo la mwisho."

"Huwa nasubiri sauti ife."

Akageuka. Jaketi la ngozi lililopauka viwikoni, nywele za mawimbi, macho yanayocheka mdomo ukiwa umefungwa. Ndiye Rulo, mpiga ngoma mwenyewe, yule yule wa kwenye jalada. Silvana aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Akachomoa penseli, akaichomeka tena, akanusa ncha za vidole vyake. Rulo aliyaona yote hayo, na tangu hapo hakuwa na ujanja tena.

"Kazi yako nini wewe kimbaumbau, unayehesabu mapigo ya watu?"

"Mhariri wa filamu. Nakata vilivyorefushwa bure."

"Basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Wakapendana haraka, kama watu waliochelewa. Rulo aliuza ngoma zake zote akanunua mikanda ya filamu na kukodi kamera, atengeneze filamu yake mwenyewe. Rafiki zake wa zamani walimcheka, wakasema bwana mkubwa wa viwanjani sasa anapiga picha za fundi cherehani wa mtaa wa Almagro. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa hadithi yake, mwanamke anayeshona nguo za watu na kupendwa bila kujua. Kama filamu ingeshindwa, hakuwa na pa kurudi.

Silvana alikuwa na mwiko wa kazi. Hasomi skripti wala haendi mahali pa kupigia picha. Alisema mhariri akienda huko huanza kumwonea huruma kila aliyebeba taa, na mkasi hauhitaji huruma.

"Usije," Rulo naye alimwambia akitabasamu. "Utajionea mwenyewe mezani."

Aliyoyaona kwenye meza yake ya kuhariria yalimtia moto rohoni. Fundi cherehani aliigizwa na Jazmín, binti wa miaka ishirini na minne, shingo ndefu, gauni jekundu la maua. Kwa waigizaji wengine, maneno yakiisha, Rulo alihesabu mpaka nne, akaamuru, "Kata!" Kwa Jazmín alihesabu mpaka kumi na mbili. Kila mara, mazungumzo yakiisha, binti huyo alijichomeka penseli nyweleni, akanusa vidole vyake, na kamera ikabaki palepale ikimwangalia kama imelogwa.

"Madaha gani haya!" Silvana alifoka peke yake chumbani. "Nani duniani ananusa vidole?"

Usiku Rulo akipiga simu, sauti ya kike ikasikika ikicheka nyuma yake.

"Nani huyo?"

"Jazmín. Tunafanya mazoezi, mpenzi."

"Saa hizi? Mazoezi ya nini, ya kunusa?"

Rulo akacheka kwa furaha. "Kumbe umeona!"

"Nimeona sana," alijibu, akakata simu.

Akashika mkasi. Vipande vyote vya penseli, thelathini na kimoja, akavitoa na kuvitundika kwenye kapu pembeni. Ijumaa filamu ilitakiwa ifike maabara kuchapishwa. Jumatano mchana Rulo akaja kuitazama, na kibuyu chake cha yerba mate, chai ya kwao Argentina, kikapoa mkononi.

"Umekata kila kitu," alisema mwishoni.

"Nimekata urefu."

"Silvana, hiyo ndiyo iliyokuwa filamu."

"Basi mwite Jazmín akuharirie! Si unamtazama mpaka unasahau kusema kata?"

Rulo aliweka kibuyu mezani. Ungedhani amepigwa kofi. Akachukua jaketi lake, akatoka, na kiburi kikamzuia kueleza.

Asubuhi ya Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Jazmín.

"Dada Silvana, samahani. Ni kweli umenitoa penseli zote? Wiki tatu nimejifunza! Rulo alinipa ule mkanda wa video wa siku yako ya kuzaliwa, nikautazama mpaka mama akanishangaa. Nilikosea wapi? Mkono? Pua?"

"Pua gani?"

"Si ndivyo unavyonusa vidole? Rulo hakusema kata mpaka nikuige sawasawa."

"Mimi sinusi vidole!"

"Sawa, dada," Jazmín alijibu kwa adabu.

Silvana akatua simu kwa kishindo. Mbele yake kioo cha mashine ya kuhariria kilikuwa cheusi, na ndani yake aliketi mwanamke mwenye penseli nyweleni, vidole puani. Wivu wote ule, kumbe alikuwa akijionea mwenyewe. Alilia, akacheka, akapiga simu.

"Rulo. Kumbe nanusa vidole."

"Unanusa."

"Tangu lini?"

"Tangu bustanini."

Alirudisha vipande siku nzima. Ijumaa alfajiri Rulo aliitazama filamu yote, macho yamelowa, kisha akainua kidole.

"Kimepungua kimoja. Cha dirishani."

"Kiko kapuni. Pale alisahau kuniigiza mimi. Alikuwa Jazmín, anakuangalia wewe. Nawe ukahesabu kumi na mbili."

Rulo aliona haya. "Nilisahau kusema kata. Ni kweli. Kichome."

"Thubutu! Nitakitunza. Kila ukinikera nitakitazama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke."

"Basi tuoane, kimbaumbau."

Silvana alizima mashine, gurudumu la filamu likaendelea kuzunguka polepole, likinguruma kidogo.

"Silvana? Mbona kimya?"

"Nasubiri sauti ife," alisema.

Gurudumu likasimama. Silvana akachomeka penseli nyweleni, akanusa vidole vyake bila haya, akasema ndiyo.